Prolog inapohesabu vibaya: dalili, visababishi na marekebisho ya kuhesabu vipengele vya orodha vinavyotimiza sharti

Kuhesabu ni vipengele vingapi vya orodha vinatimiza sharti fulani ni kazi ya mistari michache katika Prolog, lugha ya programu inayojibu maswali kwa kufuata kanuni ulizoandika, na pengine ndiyo sababu makosa yake huchelewa kutambuliwa, kwani mwandishi huamini kwamba mistari michache kiasi hicho haiwezi kuficha kitu. Hitilafu zilizoelezwa hapa ni zile zinazorudi tena na tena. Zimepangwa kwa dalili, yaani kwa kile unachokiona kwenye skrini, kwa kuwa mtu aliyekwama huijua dalili kabla ya kukijua kisababishi. Mifano imeandikwa kwa SWI-Prolog, mmojawapo wa mifumo inayoendesha lugha hiyo.

Programu tutakayoirejelea inahesabu namba shufwa. K ni kichwa cha orodha, M ni mkia wake, na N ni hesabu inayotafutwa:

```
shufwa(X) :- 0 is X mod 2.

hesabu([], 0).
hesabu([K|M], N) :-
    hesabu(M, N0),
    (   shufwa(K)
    ->  N is N0 + 1
    ;   N = N0
    ).
```

Hii ni programu nzima, na inafanya kazi. Dalili zote zinazofuata hutokea mtu anapoiandika kwa namna nyingine kidogo.

Ukaguzi wa kwanza, kwa dalili yoyote ile

Kabla ya kugusa kanuni yoyote, soma maonyo ambayo mfumo uliyatoa ulipokuwa ukipakia faili. Onyo lenye maneno `Singleton variables` maana yake ni kwamba kuna kigeu (jina linalosubiri thamani, kama K au N) kilichotajwa mara moja tu ndani ya kanuni, na mara nyingi kigeu hicho ni jina lililokosewa herufi. Watu wengi hulipita onyo hili kwa sababu programu inapakiwa licha ya kuwapo kwake, kisha hutumia saa nzima wakitafuta kosa ambalo mfumo ulikwisha kulitaja pamoja na namba ya mstari.

Baada ya hapo uliza maswali matatu, na kila linapojibiwa bonyeza nukta mkato (`;`) ili kuona kama kuna jibu la pili:

```
?- hesabu([], N).
?- hesabu([8], N).
?- hesabu([3], N).
```

Majibu yanayotarajiwa ni 0, 1 na 0, jibu moja kwa kila swali. Orodha tupu ikikataa, kosa liko kwenye kanuni ya msingi, yaani ile ya `[]`. Orodha ya 8 ikikosea, tazama kanuni inayoongeza moja, na orodha ya 3 ikikosea, tazama kanuni inayoruka kipengele kisichofaa. Usianze na orodha ya vipengele hamsini, kwa sababu hapo makosa mawili yanaweza kufichana.

Dalili: jibu la kwanza ni sahihi, lakini ukibonyeza nukta mkato yanakuja mengine madogo zaidi

Hii ndiyo hitilafu ninayoiona kuwa ya hatari kuliko zote, kwa sababu mtu anayejaribu programu yake kwa swali moja na kuridhika na jibu la kwanza hataiona kamwe. Kwa kawaida programu yenye kasoro hii imeandikwa hivi:

```
hesabu([], 0).
hesabu([K|M], N) :- shufwa(K), hesabu(M, N0), N is N0 + 1.
hesabu([_|M], N) :- hesabu(M, N).
```

Uliza `hesabu([3,8,10], N)` nawe utapata 2, kisha 1, kisha 1 tena, na mwishowe 0. Mwandishi alikusudia kanuni ya tatu iwe ya namba zisizo shufwa, lakini hakulisema jambo hilo mahali popote. Alama `_` inakubali kipengele chochote, 8 na 10 zikiwamo. Kwa hiyo kila kipengele kinachotimiza sharti kina njia mbili, kuhesabiwa au kurukwa, na Prolog inaporudi nyuma huzijaribu zote kwa uaminifu. Orodha yenye namba shufwa 20 ina majibu 1,048,576, na ni moja tu kati yake lililo sahihi.

Katika programu kubwa hakuna mtu anayebonyeza nukta mkato. Kinachotokea ni kwamba hatua fulani ya mbele inashindwa, Prolog inarudi nyuma kutafuta njia nyingine, inaikuta hesabu ya uongo, na kuendelea nayo kana kwamba hakuna lililotokea.

Tiba iliyo rahisi ni kuandika muundo wa `->` na `;` kama ilivyo katika programu ya mwanzo, ambamo sharti hupimwa mara moja na matawi mawili hayawezi kuchanganyika. Unaweza pia kuongeza `\+ shufwa(K)` mwanzoni mwa kanuni ya tatu. Hilo ni sahihi na linasomeka vizuri, ila sharti litapimwa mara mbili, jambo linaloumiza iwapo kulipima kunachukua muda.

Wengine hutumia alama ya kukata, `!`, inayoizuia Prolog kurudi nyuma kujaribu njia nyingine, na hapa mahali inapowekwa ni muhimu. Iwekwe mara tu baada ya sharti: `shufwa(K), !, hesabu(M, N0), N is N0 + 1`. Ukiiweka mwishoni mwa kanuni, majibu ya ziada yatatoweka nawe utadhani umepona, lakini uliza `hesabu([8,10], 0)` na mfumo utajibu `true`. Kanuni ya pili ilishindwa kwenye `is` kabla ya kuifikia alama ya kukata, ndipo kanuni ya tatu ikapata nafasi ya kuruka vipengele vyote viwili. Jaribio hili la kuuliza, kwa makusudi, kwa jibu lisilo sahihi lifanyike kila mara unapotumia alama hiyo.

Dalili: mfumo unajibu `false`

Kisababishi kinachoongoza ni `N is N + 1`. Mtu aliyezoea lugha nyingine huisoma kama amri ya kuongeza moja, ilhali Prolog inauliza kama namba fulani ni sawa na namba hiyo hiyo ikiongezewa moja, na bila shaka si sawa. Hitilafu hii hujificha pale ambapo hakuna kipengele kinachotimiza sharti, kwa sababu mstari huo haufikiwi na jibu la 0 linatoka vizuri. Rekebisha kwa kutumia vigeu viwili, N0 kwa hesabu ya mkia na N kwa hesabu ya orodha nzima.

Kinachofuata ni kukosekana kwa kanuni ya kipengele kisichotimiza sharti. Dalili yake ni kwamba `[8,10]` inajibiwa 2 lakini `[8,3,10]` inajibiwa `false`. Mara chache zaidi kanuni ya msingi ndiyo iliyosahauliwa, na hapo hata orodha tupu inakataliwa.

Iwapo unatumia `bagof/3` (namba baada ya mkwaju ni idadi ya hoja, yaani vitu vilivyo ndani ya mabano) kukusanya vipengele kisha `length/2` kuvihesabu, `false` ina maana tofauti: hakuna kipengele kilichotimiza sharti. `bagof/3` na `setof/3` hushindwa pale pasipo na suluhisho, wakati `findall/3` hurudisha orodha tupu, ambayo urefu wake ni 0 kama unavyotaka. Tofauti hiyo hiyo ipo kati ya `aggregate(count, ...)`, inayoshindwa, na `aggregate_all(count, ...)`, inayotoa 0.

Dalili: jibu ni sifuri daima, au ni sawa na urefu wa orodha

Tazama kwanza namna sharti lilivyoandikwa. `X mod 2 = 0` haifanyi hesabu yoyote; inajaribu kuoanisha, yaani kufananisha kama yalivyo, umbo `8 mod 2` na namba 0, na hayo ni maumbo mawili tofauti, hivyo sharti halitimii hata mara moja. Alama `==` nayo haikokotoi. Tumia `=:=`, ambayo hukokotoa pande zote mbili kabla ya kulinganisha. Kinyume chake, `X mod 2 \= 1` hutimia kwa kila namba, na ndipo hesabu inapolingana na urefu wa orodha.

Sharti likiwa sawa, kagua aina ya data. Namba 1 na 1.0 hazioani kwa `=` ingawa `=:=` huziona kuwa sawa. Katika SWI-Prolog, `'juma'` ya alama moja ya kunukuu na `"juma"` ya alama mbili ni vitu viwili tofauti, na data iliyosomwa kutoka faili mara nyingi huja kama aina ambayo hukuitarajia. Kuna mtego mmoja hapa unaostahili kutazamwa kwa karibu:

```
?- '8' > 10.
?- "8" > 10.
```

Swali la kwanza linaleta ujumbe wa kosa, na hilo ni jema, kwa sababu umeonywa. La pili linajibiwa `true`. Matini yenye herufi moja huchukuliwa katika hesabu kama namba ya msimbo wa herufi hiyo, na msimbo wa herufi 8 ni 56. Hesabu yako itatoka bila malalamiko yoyote, na itakuwa kosa. Geuza matini kuwa namba mapema, kwa `atom_number/2` au `number_string/2`, badala ya kungoja mpaka ndani ya sharti.

Ikiwa unatumia `include/3`, inayochuja vipengele vinavyotimiza sharti, kagua mpangilio wa hoja. `include(>(5), [3,8,10], R)` inasomeka kama vile inachukua namba zilizo kubwa kuliko 5, lakini R inakuwa `[3]`, kwa sababu kipengele huongezwa kama hoja ya mwisho na kinachopimwa ni `5 > K`. Ili kupata zilizo kubwa kuliko 5 andika `include(<(5), ...)`, au, kwa usomaji ulio wazi zaidi, tunga predikati yako ndogo yenye jina, yaani kanuni kama ile ya `shufwa`.

Visababishi viwili vilivyosalia havionekani mara nyingi. Katika toleo lenye kilimbikizi, yaani hoja ya ziada inayobeba hesabu iliyofikiwa, mtu huandika `hesabu([], _, 0)` mahali pa `hesabu([], N, N)`, na hivyo kutupa hesabu yote aliyoibeba. Au jina la orodha limekosewa herufi na kigeu kisicho na thamani kimepelekwa mahali pake. Kanuni ya msingi hukikubali kwa kukioanisha na `[]`, na jibu la kwanza huwa 0. Kuandika `must_be(list, L)` kabla ya kuhesabu hulifichua kosa hilo papo hapo.

Dalili: jibu ni `0+1+1`

Umeandika `N = N0 + 1`. Alama `=` huoanisha tu, haijumlishi. Badilisha iwe `is`.

Dalili: `Arguments are not sufficiently instantiated`

Ujumbe huu unasema kwamba hesabu imefanywa kabla ya kigeu kupata thamani. Mara nyingi `N is N0 + 1` imetangulia mwito wa `hesabu(M, N0)`, ubadilishe mpangilio. Ikiwa mpangilio ni sahihi, angalia kanuni ya msingi: `hesabu([], _)` haimpi N0 thamani yoyote, hivyo mwito unafaulu lakini N0 inabaki tupu. La tatu ni orodha yenyewe kuwa na kigeu ndani yake, kama `[8,X,10]`, na hapo kosa si la programu ya kuhesabu bali la aliyeitengeneza orodha.

Kwa namba kamili kuna njia ya kuondokana na suala la mpangilio, nayo ni kupakia `library(clpfd)` na kuandika `N #= N0 + 1`. Naipendekeza kwa anayejifunza, kwa sharti kwamba aelewe pia kwa nini `is` ilikataa.

Dalili: `findall/3` inatoa hesabu kubwa kuliko urefu wa orodha

Watu wengi huandika hivi, na ni mtindo mzuri:

```
findall(K, (member(K, L), sharti(K)), R), length(R, N).
```

Tatizo ni kwamba mstari huu unahesabu njia za kuthibitisha, na kipengele kimoja kinaweza kuwa na njia zaidi ya moja. Tuseme sharti lina kanuni mbili, kwamba namba iwe kubwa kuliko 5 au iwe shufwa:

```
sharti(X) :- X > 5.
sharti(X) :- 0 is X mod 2.
```

Katika `[3,8,10]`, namba 8 inathibitishwa mara mbili na 10 mara mbili, kwa hiyo N ni 4 katika orodha ya vipengele vitatu. `aggregate_all(count, ...)` nayo itasema 4. Ukaguzi rahisi ni kuuliza `sharti(8)` peke yake na kuona kama `true` inakuja mara mbili. Lifunge sharti kwa `once(sharti(K))`, au tumia `include/3`, ambayo hukipima kila kipengele mara moja tu hata sharti likiwa na njia kumi.

Usijaribu kutibu hali hii kwa `setof/3`. Itaondoa marudio ya uthibitisho, ni kweli, lakini itaondoa pia marudio halali, na `[8,8,10]` itahesabiwa kuwa 2.

Hesabu ikiwa ndogo mno badala ya kubwa, angalia kama K imekwisha kupewa thamani sehemu ya juu ya kanuni hiyo hiyo. Hapo `member(K, L)` hutafuta thamani ile tu. Na kama unatumia `bagof/3` nawe unapata majibu kadhaa yaliyogawanyika, kuna kigeu huru ndani ya sharti ambacho kinayapanga majibu kwa makundi. Kitangulize kwa alama `^`.

Dalili: swali lile lile linajibiwa 2, kisha 4, kisha 6

Programu inaweka hesabu kwenye kaunta ya `assertz/1` na `retract/1`, zinazoongeza na kufuta data iliyohifadhiwa, na kaunta haikurudishwa sifurini. Kuita `retractall/1` kabla ya kuanza kunaponya dalili, ila si ugonjwa, kwa kuwa hesabu ikikatizwa katikati kaunta hubaki na thamani nusu. Ushauri wangu ni kuacha kaunta kabisa na kutumia kilimbikizi:

```
hesabu(L, N) :- hesabu(L, 0, N).

hesabu([], N, N).
hesabu([K|M], N0, N) :-
    (   shufwa(K)
    ->  N1 is N0 + 1
    ;   N1 = N0
    ),
    hesabu(M, N1, N).
```

Kama kaunta haipo na bado majibu yanaongezeka maradufu, tafuta amri ya `:- assertz(...)` ndani ya faili, kwa sababu kila unapolipakia faili upya data huongezwa juu ya ile ya awali.

Dalili: mfumo unakaa kimya, kisha unatangaza kwamba kumbukumbu imejaa

Katika SWI-Prolog kwenye mashine ya biti 64 kikomo cha kawaida ni gigabaiti 1, na ujumbe huanza na `Stack limit (1.0Gb) exceeded`. Wengi hudhani papo hapo kwamba orodha yao ni ndefu mno. Kwa hesabu sahili dhana hiyo kwa kawaida si kweli, maana orodha ya vipengele milioni moja hupita hata kwa programu isiyo na kilimbikizi. Shuku kwanza mwito wa kujirejelea unaopeleka orodha nzima, `hesabu([K|M], N0)`, mahali pa mkia M, hivyo kwamba orodha haipungui kamwe. Kisha shuku orodha ambayo mkia wake ni kigeu, na hilo `is_list/1` italibaini. Ukishakanusha yote mawili, ndipo uhamie kwenye toleo la kilimbikizi lililo hapo juu, ambalo halilimbikizi miito inayosubiri.

Usiongeze kikomo cha kumbukumbu kwa `--stack-limit` kabla ya ukaguzi huo. Mzunguko usio na mwisho utaimeza gigabaiti ya pili kama ulivyoimeza ya kwanza, na mashine yako itazorota pamoja nao.

Dalili: kuhesabu kunabadilisha orodha

Unataka kujua `a` imo mara ngapi katika `[a,B,c]`, unapata 2, na B imegeuka kuwa `a`. Kulinganisha kwa `=` kumekioanisha kigeu. Alama `==` itatoa 1 bila kuigusa B, jibu ambalo litakuwa kosa iwapo baadaye B itapewa thamani `a`. Anayetaka ukweli kamili atumie `dif/2`:

```
idadi_ya(_, [], 0).
idadi_ya(E, [E|M], N) :- idadi_ya(E, M, N0), N is N0 + 1.
idadi_ya(E, [K|M], N) :- dif(E, K), idadi_ya(E, M, N).
```

Hapa majibu ni mawili na yote ni halali: 2 ikiwa B ni `a`, na 1 ikiwa B si `a`.

Lini uache na umwite mtaalamu

Acha mara moja ikiwa predikati unayotaka kuirekebisha inaitwa na sehemu nyingine za mfumo unaotumika, na ndani yake mna alama za kukata ambazo hukuziweka wewe. Kuondoa moja kunaweza kufungua majibu ambayo msimbo mwingine ulitegemea yasiwepo. Acha pia ikiwa kaunta ya `assertz/1` inatumiwa na nyuzi (mikondo ya programu inayoendeshwa sambamba) zaidi ya moja kwa wakati mmoja, kwani hesabu hutofautiana kila mara na jaribio lako la faragha halitaiona hitilafu. Na ikiwa Prolog yenyewe inaanguka bila ujumbe wa Prolog, hasa pale ambapo sharti linaita maktaba iliyoandikwa kwa C, kosa haliko katika kanuni zako, na kuzibadilisha kutapoteza ushahidi.

Unapokabidhi tatizo, toa toleo la mfumo, faili lilivyo bila marekebisho ya majaribio, maonyo ya wakati wa kupakia, na majibu ya yale maswali matatu ya mwanzo pamoja na kila kilichotokea ulipobonyeza nukta mkato.